Shavu la Kushoto

Ogendo hakuwa na shamba. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja, wala mbuzi, wala kuku wa kugombanisha majirani. Hakuwa na baba wa kumtanguliza aende akamsemee kwenye boma la watu, kwa maana baba yake alizikwa kule Port Victoria wakati yeye hajajua hata kufunga kamba za viatu. Hakuwa na viatu vya Jumapili. Alikuwa na vya kila siku, na Jumapili alivipiga brashi mara mbili. Kiteso, lugha ya wenyeji wa huko, hakukijua zaidi ya salamu. Hakuwa na cheti cha chuo chochote cha sanaa, wala mtu wa kumwambia kama kazi aliyoianza ilikuwa na jina. Na mwisho, kitu ambacho yeye mwenyewe hakukitia katika hesabu ya mapungufu yake: hakuwa na kioo. Ndevu alinyolewa na Ogutu, kinyozi wa kibanda cha pili, na nywele alizichana kwa kupapasa. Mwanamume wa miaka ishirini na tisa anaweza kuishi vizuri bila kioo. Lakini mwezi ule wa Juni, mwaka wa tisini na sita, hapo Malaba, kukosa kioo kulikaribia kumkosesha Magdaline.

Alichokuwa nacho ni kibanda cha mabati nyuma ya uwanja ambapo malori husubiri kuvuka mpaka, makopo ya rangi, na mikono isiyotulia. Madereva walimlipa awaandikie majina ya watoto wao mlangoni, au awachoree simba nyuma ya lori. Siku moja dereva mmoja alimwachia kipande cha plastiki angavu kilichovunjika kutoka juu ya kioo cha mbele cha lori, kile cha kuzuia jua. Ogendo akakiegemeza karibu na jiko na kukisahau. Aliporudi, kilikuwa kimelegea na kulalia kifuniko cha sufuria kama chapati iliyotoka kuiva. Kilipopoa alikiinua. Kifuniko kizima kilikuwa pale, mpaka na kishikio chake, lakini kimetengenezwa kwa kitu unachoweza kuona ng'ambo yake.

Siku hiyo hakuandika jina la mtoto wa mtu yeyote.

Kwa miezi minne alitafuta siri ya kitu kile. Alilaza debe tupu la mafuta ya kupikia juu ya makaa, akalifanya tanuri. Alifinyanga udongo wa mto Malakisi kuwa samaki, majani na mkono wake mwenyewe, akaupaka sabuni usigande, kisha akailaza plastiki moto juu yake na kuibana kwa glavu za fundi wa kuchomelea. Ikipata moto kidogo, ilipasuka. Ikipata mwingi, ilijaa mapovu kama soda. Alipoipaka rangi iliyochanganywa na tina, ile ya kuyeyushia rangi, ikaota nyufa nyembamba kama tope lililokauka. Akaacha tina. Alipopaka upande wa mbele, rangi ilichunika. Basi akajaribu kupaka upande wa nyuma, ndani ya shimo la umbo lenyewe, na hapo akakaa chini kwa mshangao: ukiitazama kwa mbele, rangi iling'aa kama kitu kilicholowa maji.

Lakini kazi ya nyuma huenda kinyumenyume. Mchoraji wa kawaida humalizia na kile kitone cha mwanga ndani ya jicho. Ogendo alilazimika kuanza nacho, kisha mboni, kisha weupe wa jicho, kisha ngozi, na mwisho kabisa anga ya nyuma.

Aliyemwelewa alikuwa mmoja tu. Magdaline Apio alikuwa na cherehani kwenye baraza iliyotazamana na kibanda hicho, akishona sare za shule. Mchana alivuka na kikombe chake cha chai, akiwa bado na futi ya kupimia shingoni.

"Leo umeunguza nini?" aliuliza siku moja.

"Leo sijaunguza. Njoo uone."

Ulikuwa uso. Ogendo alikuwa ameuficha chini ya gunia, uso mtupu wa plastiki usio na rangi, uliotoka kwenye udongo alioufinyanga Jumamosi tatu mfululizo, Magdaline akiwa amekaa mbele yake na kutishia kucheka.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe kabla ya rangi. Zunguka, utazame kwa nyuma, pale penye shimo."

Magdaline akazunguka. Akasogea kulia, akasimama. Akasogea kushoto, akasimama tena.

"Ogendo, huyu mtu ananifuata!"

"Ndiyo."

"Nikienda huku anageuka. Nikirudi anageuka. Wewe umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Pale ni shimo tu. Macho yako hayakubali kwamba uso unaweza kuwa shimo, basi yanaujaza. Hata mimi nikikaa nyuma yake kufanya kazi, naona umekaa hapo unanitazama."

"Na huchoki kutazamwa?"

"Bado sijachoka."

Magdaline akainamisha macho kwenye chai. Alikuwa na kidoa cheusi cha kuzaliwa kwenye shavu la kushoto, kidogo kama punje ya wimbi, na akiona haya kidoa hicho kilipanda juu kidogo pamoja na tabasamu. Ogendo alikifahamu vizuri kuliko alivyoifahamu sahihi yake mwenyewe.

"Papa amesema uje Jumapili, baada ya misa," alisema Magdaline polepole, akimaanisha baba yake. "Nimemwambia kuna mtu. Ameuliza ni mtu wa nini. Nikasema mchoraji. Akasema, basi alete hicho anachochora nikione."

"Hakusema kitu kingine?"

"Alisema pia wewe ni Mjaluo, huna boma, na huna mzee. Lakini hayo aliyasema kwa sauti ndogo. Ile ya kuleta kazi aliisema kwa sauti kubwa. Hiyo ndiyo uijibu."

Ogendo akaifanyia kazi sura ile wiki nzima, akikaa nyuma yake, naye Magdaline wa plastiki akimtazama. Kitone cha mwanga wa jicho, mboni, midomo. Kidoa hakikuwa kimetokeza kwenye udongo. Alikuwa amekiachia rangi. Akakumbuka jinsi Magdaline alivyokaa mbele yake Jumamosi zile, akakumbuka kidoa kilikuwa upande wa mkono wa kulia wa yeye anayetazama, naye akakiweka upande wa mkono wake wa kulia. Kisha ngozi, kisha anga ya buluu. Rangi ya mwisho ilikauka Jumapili yenyewe asubuhi. Aliigeuza mara moja aione kwa mbele, na moyo wake ukaona kuna kitu kimekaa kombo. Akadhani ni uchovu. Akaifunga kwa gazeti, akapiga viatu brashi mara mbili, akaondoka.

*

Boma la mzee Ikapel, baba yake Magdaline, lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka barabarani, kati ya mashamba ya mihogo. Mzee alikuwa amestaafu kazi ya reli, na mpaka sasa alikaa kitini wima kama anayesubiri treni ifike kwa wakati. Mkononi alishika mrija mrefu uliotoka kwenye chungu cha pombe ya wimbi. Kando yake alikaa dada yake, Petronilla, mwanamke mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

"Yoga, papa," Ogendo alisalimu.

"Yoga. Karibu. Hicho Kiteso kinaishia hapo, ama kinaendelea?"

"Kinaishia hapo, mzee."

"Angalau husemi uongo. Kaa."

Chai ikaletwa, na aliyeileta hakuwa Magdaline. Ilikuwa sura ileile, urefu uleule, mwendo uleule, ila kidoa kilikuwa shavu la kulia. Huyu ndiye Quinter Adongo, pacha aliyezaliwa wa pili. Ogendo alikuwa amemwona mara mbili tu, kwa mbali. Magdaline naye alitokea mlangoni mwa jiko, amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Akamtazama Ogendo mara moja, akatazama kile kifurushi cha gazeti, akatazama chini.

"Fungua," alisema mzee Ikapel.

Ogendo akafungua, akasimamisha ile sura juu ya kiti, jua likaipiga kwa ubavu.

Mzee Ikapel aliachia mrija. Akainuka, akainama, akanyoosha kidole na kugusa pua, kisha paji la uso.

"Hii ni chupa?"

"Ni plastiki, mzee. Nimeichoma nikaikunja juu ya udongo. Rangi iko nyuma."

"Iko nyuma? Mbona naiona mbele?"

"Kwa sababu inapita."

"Inapita," mzee alirudia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua. "Reli tulikuwa na taa za ishara, kioo chekundu na cha kijani. Nilikuwa nikijiuliza, rangi imekaa wapi, ndani au nje? Miaka ishirini na sita sikupata mtu wa kumuuliza. Petronilla, sogea uone."

Petronilla akasogea. Akatazama kwa muda. Kisha akageuza kichwa, akamtazama Quinter aliyeshika birika, akarudi tena kwenye sura.

"Ikapel," alisema, "huyu ni Quinter."

"Ni Magdaline, mama," alisema Ogendo.

"Mimi niliwaogesha hawa tangu siku ya kwanza. Kwa hicho kidoa ndipo tulipojua nani amenyonya na nani bado. Shavu la kulia ni Quinter. Tazama wewe mwenyewe. Ama macho yako umeyaacha Malaba?"

Ogendo akatazama. Kidoa kilikuwa shavu la kulia.

Quinter akaweka birika chini kwa kishindo. "Mimi nimeposwa! Mwalimu Ochom akisikia kuna mwanamume anatembea na uso wangu kwenye gazeti, nitamwambia nini?"

"Mzee, sijui... mimi nilimchora Magdaline. Alikaa mbele yangu."

"Alikaa mbele yako na ukamchora mwenzake," alisema mzee Ikapel. Alikuwa amerudi kitini, wima. "Na kuna jambo lingine. Kwenu hakuna mapacha?"

"Wako, mzee."

"Anayemletea mmoja hamletei mwenzake?"

Kwao Ogendo pia walilijua hilo: nguo mbili, viti viwili, hata ukimpa mmoja ndizi utamtafutia mwenzake ndizi. Alikuwa amekuja kwenye nyumba ya mapacha na kitu kimoja, na hicho kimoja kilikuwa cha yule asiyehusika.

"Kijana, mikono yako ni mizuri, sitadanganya," alisema mzee. "Lakini hujui unamtaka nani. Usirudi hapa mpaka ujue."

Magdaline alimsindikiza hadi kwenye miiba ya ua, si zaidi. Alitembea mbele, hakugeuka.

"Magdaline, nisikilize."

"Jumamosi tatu nimekaa. Shingo ikauma. Ukaniambia nisicheke, sikucheka." Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ndio uliomuumiza Ogendo. "Tangu utoto watu wananiita Quinter. Mwalimu, padri, hata mama, Mungu amrehemu, akiwa na usingizi. Nilidhani nimepata mtu mmoja duniani ambaye hawezi kukosea. Mtu anayesema ananipenda, na hajui kidoa changu kiko upande gani?"

"Najua. Kiko kushoto."

"Basi mkono wako haujui."

Akarudi ndani.

*

Jumatatu Ogendo alikwenda kwa Ogutu kunyolewa, si kwa sababu ya ndevu, bali kwa kuwa hakuweza kukaa peke yake na ile sura. Akaibeba. Akaiegemeza ukutani nyuma ya kiti na kuketi mbele ya kioo kikubwa cha kinyozi.

"Boss, unaleta mwanamke anione nikikunyoa?" alisema Ogutu, akimpaka povu la sabuni. "Huyo ni nani?"

"Hilo ndilo swali, Ogutu. Mimi nasema ni Magdaline. Watu wote wanasema ni Quinter."

"Wewe umefikia kuchora mtu usiyemjua? Usitingishike, nina wembe hapa."

Lakini Ogendo alitingishika. Aliruka kabisa, povu usoni, na Ogutu akarudi nyuma akipiga kelele. Ndani ya kioo, nyuma ya bega lake, Magdaline alikuwa anamtazama. Hakuwa Quinter. Kidoa kilikuwa mahali pake, shavu la kushoto.

Aligeuka kutazama ukutani: Quinter. Akageukia kioo: Magdaline. Akarudia mara nne.

"Umepatwa na nini?"

"Nilikuwa nyuma yake," alisema Ogendo taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Nilikuwa nyuma yake wiki nzima, lakini lile shimo lilinitazama kama uso. Nikadhani nimekaa mbele. Mkono wangu wa kulia ukaweka kidoa kulia. Ogutu, kosa si la moyo. Nilikaa upande wa nyuma, basi."

"Sijaelewa hata neno moja," alisema Ogutu. "Lakini kaa nikumalizie hilo shavu, unatisha watu."

Alikaa, uso wake mwenyewe ukimtazama kutoka kiooni. Alitaka kukimbia mpaka kwa mzee Ikapel siku hiyohiyo, lakini amekatazwa, na tena angesema nini? Maneno wameshayasikia. Kilichotakiwa ni kitu ambacho Magdaline angekishika mkononi na kujionea.

Akawasha makaa. Alifinyanga uso mdogo unaotosha kiganja, na kwenye shavu la kushoto akabandika punje moja halisi ya wimbi, ili safari hii kidoa kisiachiwe rangi. Rangi hakutia kabisa. Cha kwanza kilipasuka, cha pili kilijaa mapovu. Cha tatu na cha nne vilitoka safi kama maji.

Jumanne kabla ya saa sita, kivuli kikaingia mlangoni. Moyo wake ukaruka, kisha akaona kidoa.

"Ni mimi, si yeye," alisema Quinter. "Nimekuja kukutukana."

"Tukana, dada. Lakini kwanza shika hiki."

Quinter akakishika kwa vidole viwili. "Ni nini?"

"Ni nani?"

Akakiinua kwenye mwanga wa mlango. "Ni Magdaline. Kidoa kushoto."

"Kigeuze. Tazama penye shimo."

Quinter akageuza, akasogea, akasogea tena, mdomo ukiachama. Akageuza upande wa kwanza, kisha wa pili, kama mtoto aliyepewa kitu kipya, na cheko likamtoka.

"Nikigeuza ni mimi! Na ninajifuata!" Akaketi kwenye kopo la rangi. "Kwa hiyo uliweka kidoa ukiwa upande huu?"

"Upande huo huo."

"Mjinga wewe." Lakini hasira ilikuwa imeisha. Halafu akaacha kucheka. "Ogendo, Magdaline ameondoka jana. Yuko Mundika, karibu na Busia, kwa mama mdogo. Jumamosi mjomba atampitia, wanavuka Uganda kwenda Soroti. Kuna duka la kushona huko wanamtaka, mwaka mzima. Alikuwa amekataa. Juzi jioni alikubali."

"Mpelekee hiki. Leo hii."

"Nikipeleka mimi, na huu uso wangu? Atasema tumepanga. Andika barua. Iende kwa posta, na muhuri wa posta, aone imetoka kwako moja kwa moja. Ukiipeleka leo itafika kesho kutwa. Nitakupa namba ya sanduku la posta la kanisa la pale, mama mdogo huchukua barua zake kila Alhamisi na Ijumaa."

Ogendo akampa kile cha nne. "Hiki ni chako. Mwambie mzee nimeleta viwili."

Quinter alikitazama, akakifunga kwenye pindo la leso. "Nitamwambia," alisema, na alipofika mlangoni akaongeza, "Na ile kubwa, iliyo na uso wangu, usiiuze kwa dereva wa lori."

Akaandika juu ya ubao wa kuchorea, kwa kalamu ya wino, akifikiri kila mstari kabla ya kuuweka:

*Magdaline,*

*Katika barua hii kuna uso mmoja usio na rangi. Ushike kwenye mwanga, pua ikiwa imeelekea kwako. Utaona shavu la kushoto lina alama. Huyo ni wewe. Sasa ugeuze, utazame penye shimo. Utaona Quinter, na atakufuata ukitembea. Mimi nilikaa upande huo siku saba nikidhani nimekaa mbele yako. Hilo ndilo kosa langu lote, na sasa unaweza kulipima kwa mkono wako bila kuniamini mimi.*

*Baba yako alisema nisirudi mpaka nijue ninamtaka nani. Nilijua tangu mwanzo, nilichokosa ni kioo. Nimeshanunua.*

*Ukienda Soroti, uende nacho. Usipokwenda, Jumamosi nitakuwa kibandani tangu asubuhi, na kiti chako kitakuwa mahali pake. Safari hii cheka ukitaka.*

*Ogendo*

Alikifunga kile kiuso kwa kitambaa cha sare, pande lililoanguka barazani kwa Magdaline na ambalo alikuwa ameliokota bila kumwambia. Akakitia ndani ya bahasha pamoja na barua. Posta alisimama nyuma ya watu watatu. Zamu yake ilipofika, karani, mama wa makamo mwenye miwani, alibonyeza bahasha.

"Ni nini hiki kigumu?"

"Ni uso, mama."

Mama akamtazama juu ya miwani. Huenda aliona kitu machoni pake, kwa kuwa hakuuliza tena. "Haya, funga."

Ogendo akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Akabandika stempu. Akaisukuma chini ya wavu, anwani ikiwa juu, na ndani yake Magdaline akiwa amelala chali, shavu la kushoto mahali pake.

Karani aliigeuza aone kama imefungwa vizuri. Ogendo akashika ukingo wa kaunta. Kwa kitambo kile kifupi aliyekuwa juu ni Quinter.

"Tafadhali, mama, usigonge katikati."

"Naijua kazi yangu," alisema mama. Akaigeuza tena, akagonga muhuri pembeni, polepole, akaitia kwenye gunia la Busia.